Chini ya Boya la Njano: Mabaharia Huarifiwaje Kuhusu Vifaa vya Utafiti Baharini?

Boya jekundu na boya la kijani kila nahodha anayajua: ndiyo kingo za mlango anaopitia. Boya la njano halimwonyeshi njia yoyote. Likiwa na alama ya X kichwani, na usiku taa yake ya njano ikimweka mara tano katika kila sekunde 20, linamwambia kwamba hapo pana mtambo wa kupima bahari, na kwamba kinachoonekana juu ya maji ni sehemu ndogo tu ya kitu kizima.

Tuanze na hicho kisichoonekana, maana ugumu wote wa kuwatahadharisha mabaharia unatoka huko.

Boya la utafiti limeshikwa na nanga nzito sakafuni mwa bahari. Mara nyingi nanga hiyo ni magurudumu chakavu ya treni yaliyofungwa pamoja, kwa sababu ni mazito na hayana bei kubwa. Kutoka kwenye nanga inapanda mnyororo, kisha kamba ya waya au ya nailoni, na njiani zimefungwa ala: kipimajoto, kipimachumvi, kinasa sauti cha kusikiliza nyangumi, au mtambo wa kupima mkondo kwa kutuma milio na kusikiliza mwangwi wake. Karibu na nanga huwekwa kifungulio kinachoitikia mlio maalumu. Watafiti wakirudi baada ya mwaka, wanautuma mlio huo kutoka melini, kifungulio kinaiachia nanga, na mtambo ulio juu yake unaibuka na kuelea.

Hiyo ni aina moja. Aina ya pili haina boya la juu kabisa. Kielezo chake, yaani kitu chake cha kuelea, kimezamishwa makusudi mita kadhaa au mamia ya mita chini ya uso wa maji ili mawimbi yasikitikise na wezi wasikione, nacho kinaivuta kamba juu ikasimama wima kama mti. Aina ya tatu ni fremu ya chuma iliyolazwa sakafuni ikiwa na ala zake ndani, pengine haifiki hata mita moja kwenda juu.

Kila moja inamtisha mtu tofauti. Boya la juu ni hatari kwa mashua inayokimbia gizani na kwa rafadha inayoweza kusokota kamba. Kielezo cha katikati ni hatari kwa meli kubwa, kwa nyambizi, na kwa mvuvi anayeshusha jarife. Fremu ya sakafuni haiwezi kuidhuru meli inayopita, lakini nyavu za kukokota zikiinasa, chombo kidogo chenye injini yenye nguvu kinaweza kuvutwa ubavu hadi kikapinduka. Kwa hiyo ilani inayosema tu kwamba “vifaa vya utafiti vimewekwa katika ghuba, mabaharia wachukue tahadhari” haijamsaidia yeyote. Tahadhari gani? Apite mbali? Asitie nanga? Asishushe wavu? Nahodha anayeisoma atatikisa kichwa na kuendelea na safari, na mimi simlaumu.

Chukua kielezo kilichozamishwa mita 15. Swali la kwanza la baharia ni: mita 15 kutoka wapi? Maji yanajaa na kupwa. Kina kinachoandikwa kwenye ramani za bahari kwa kawaida hupimwa kutoka kiwango cha chini sana cha maji kupwa, ili nahodha asidanganyike wakati wa bamvua. Mtafiti aliyepima mita 15 siku ile maji yamejaa, na tofauti ya kujaa na kupwa mahali pale ni mita tatu, ameweka kitu ambacho siku nyingine kitakuwa mita 12 tu chini ya uso. Meli yenye kuzama mita 11 haitapita juu yake kwa usalama, kwa sababu meli ikienda kasi katika maji ya kina kifupi hujikita chini zaidi, na mawimbi nayo huinua na kushusha omo yake. Kosa la mita tatu katika sentensi moja ya ilani lingeweza kumaliza nafasi yote iliyobaki. Ndiyo maana ninasisitiza kwamba kina cha kichwa cha kielezo kiandikwe kwa kiwango kilekile cha ramani, na iandikwe wazi kwamba ni kiwango hicho.

Kisha kuna suala la mahali. Watu hudhani boya lililotiwa nanga linakaa mahali pamoja. Haliko hivyo. Kamba hufanywa ndefu kuliko kina ili mawimbi yasiing’oe nanga, na boya huzunguka kufuata upepo na mkondo. Kina kikiwa mita 100 na kamba mita 150, hesabu ya pembetatu inakupa mita 112 hivi: hilo ndilo umbali boya linaloweza kufika kutoka juu ya nanga yake, upande wowote. Asubuhi liko kaskazini, jioni maji yakigeuka liko kusini, zaidi ya mita 200 kutoka pale lilipokuwa. Katika bahari kuu yenye kina cha kilomita kadhaa, duara hilo nalo hufikia kilomita. Ilani ikitoa nukta moja bila nusukipenyo, imempa baharia ukweli wa saa moja.

Na nukta yenyewe huharibika kirahisi. Mabaharia huandika nafasi kwa nyuzi, dakika na desimali za dakika. Programu nyingi za watafiti hutoa nyuzi zenye desimali tupu, na vifaa vingine hutoa nyuzi, dakika na sekunde. Dakika moja ya latitudo ni maili moja ya baharini, yaani mita 1,852. Sasa mtu aandike dakika 12.50, na karani anayeinakili aisome kuwa dakika 12 na sekunde 50. Tarakimu ni zilezile, lakini boya limehama mita 617. Ukiliweka duara la usalama la mita 500 kuzunguka nafasi hiyo mpya, boya lenyewe liko nje ya duara. Kosa hili halimfanyi mtu kuwa mzembe. Linatokea ofisini, mchana, mbele ya watu wenye elimu nzuri. Dawa yake ni kuandika kwa muundo mmoja tu, ule wa mabaharia, na kumwomba mtu wa pili aichore nafasi kwenye ramani kabla ya ilani kutoka.

Kosa jingine ni kutangaza nafasi iliyopangwa badala ya nafasi iliyopatikana. Nanga nzito inapoachiwa mwisho, baada ya kamba yote kutandazwa nyuma ya meli, haishuki wima. Inarudi nyuma kuelekea liliko boya huku ikizama. Mabingwa wa kazi hii huizunguka wakitoa milio kutoka pande tatu hadi wajue nanga imelala wapi hasa. Nafasi hiyo ndiyo inayostahili kutangazwa, hata kama ile ya awali ilishatumwa wiki mbili kabla.

Sheria inasema nini

Kuarifu si hisani ya mtafiti. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari wa 1982 una sehemu nzima kuhusu utafiti wa kisayansi. Anayetaka kutafiti katika ukanda wa kiuchumi wa nchi nyingine, yaani eneo la bahari ambalo nchi hiyo ina haki juu ya rasilimali zake, lazima aipe nchi hiyo maelezo kamili si chini ya miezi sita kabla ya kuanza. Vifaa haviruhusiwi kuzuia njia zilizozoeleka za meli za kimataifa. Kila kifaa lazima kiwe na alama inayoonyesha nchi kilikosajiliwa au shirika la kimataifa linalokimiliki, pamoja na ishara za tahadhari zinazokubalika kimataifa. Panaweza kuwekwa eneo la usalama kukizunguka, lisilozidi mita 500.

Kutoka hapo habari hupita katika njia kadhaa, na kila njia ina kasi yake.

Ya haraka zaidi ni onyo la redio. Bahari zote za dunia zimegawanywa katika maeneo 21, kila moja likiwa na nchi inayoratibu maonyo ya usafiri. Orodha ya mambo yanayostahili kuonywa chini ya mfumo huo inataja vifaa vya utafiti au vya kisayansi vinavyowekwa ndani ya njia za meli au karibu nazo. Onyo la bahari kuu hupitia satelaiti. Onyo la pwani kwa kawaida hupitia NAVTEX, mfumo unaochapa maandishi kwenye kifaa kilicho chumba cha usukani: kwa Kiingereza katika masafa ya kiloherzi 518, na mara nyingi kwa lugha ya nchi katika kiloherzi 490. Mpokeaji anaweza kuzima baadhi ya aina za ujumbe, lakini maonyo ya usafiri na ya hali ya hewa hawezi kuyazima.

Njia ya pili ni ilani ya maandishi kwa mabaharia, inayotolewa na idara za upimaji wa bahari, katika nchi nyingi kila wiki au kila mwezi. Maofisa wa meli huitumia kusahihisha ramani zao, za karatasi au za kielektroniki. Kifaa kitakachokaa miezi minne huingia kama badiliko la muda. Boya litakaloishi hapo miaka kumi huchorwa kabisa kwenye toleo jipya la ramani. Onyo la redio linamwamsha nahodha leo, nayo ilani inabaki kumkumbusha mwezi ujao. Anayetuma moja na kusahau nyingine ameifanya nusu ya kazi.

Ya tatu ni utambulisho wa kielektroniki, AIS, uleule unaozifanya meli kuonana kwenye skrini. Boya linaweza kubeba kisambazaji chake. Kituo cha nchi kavu kinaweza kusambaza kwa niaba yake. Na inawezekana kuweka alama kwenye skrini mahali ambapo juu ya maji hapana chochote, jambo linalofaa sana kwa kielezo kilichozamishwa. Alama hizi hupewa namba ya utambulisho inayoanza na 99, ili zisichanganywe na vyombo.

Ukiitazama orodha hiyo yote, utaona jambo moja linalonisumbua kuliko yote niliyoyaeleza hadi hapa. Meli yenye urefu wa mita 300 inafikiwa na kila njia. Mashua ya mvuvi haifikiwi na hata moja.

Mtu ambaye tangazo halimfikii

Mvuvi mdogo hana NAVTEX. Ramani yake iko kichwani, aliirithi, na mara nyingi ni sahihi kuliko ile ya karatasi. Tena yeye ndiye anayekwenda kwenye boya kwa makusudi, maana boya linaita samaki. Baada ya wiki chache kamba inaota mwani, kome na chaza wanashika, samaki wadogo wanakuja kujificha kivulini, na wakubwa wanawafuata. Kwa mvuvi, mtambo ule ni neema iliyoshushwa na watu asiowajua. Atafunga mashua yake hapo, kwa nini asifunge? Lakini mashua iliyofungwa huvuta boya, husuguana na mlingoti wa ala za upepo, na hupotosha vipimo. Mshipi hujisokota kwenye kamba. Anayetaka kuunasua hukata anachokiona.

Watafiti wengi wamelijibu tatizo hili kwa kuficha. Wanahofu kwamba ukitangaza mahali, umewaelekeza wezi wa betri na paneli za sola. Hofu hiyo ina msingi: uharibifu wa maboya ni tatizo linalojadiliwa na wataalamu wa nchi nyingi kwa miongo kadhaa, na ndiyo sababu moja ya kuzamisha vielezo. Hata hivyo naona kuficha ni hesabu mbaya. Mwizi hahitaji ilani kuliona boya la njano lenye taa. Anayeihitaji ni yule mwema ambaye angepita mbali kama angejua.

Na hasara ya boya huwa si ya mtafiti peke yake. Tsunami ilipoipiga Palu nchini Indonesia mwezi Septemba 2018, wakuu wa nchi hiyo walisema maboya yao ya kugundua tsunami yalikuwa hayafanyi kazi tangu 2012. Uharibifu uliofanywa na watu na uhaba wa fedha za matengenezo vilitajwa miongoni mwa sababu. Mawimbi ya Palu yalifika ufukweni ndani ya dakika chache, kwa hiyo sidai kwamba boya la mbali lingewaokoa wote. Ninachodai ni kwamba wanaoishi karibu na maji ndio wa kwanza kulihitaji boya, na ndio wa mwisho kuambiwa ni la nini.

Basi waambiwe vipi? Kwanza, kabla nanga haijashuka. Ukimwuliza mvuvi wa nyavu za kukokota anapitisha wavu wapi, atakuchorea njia yake, na kuisogeza nafasi ya kifaa nusu maili siku ile kunagharimu karatasi moja. Kuisogeza baada ya ala kuburutwa kunagharimu kifaa, wavu na uelewano. Pili, kwa picha. Bango lenye picha ya boya lenyewe, na mchoro wa kile kilicho chini yake, kwenye mnada wa samaki au mahali mashua zinapopakwa mafuta, linasomwa na wengi kuliko ilani yoyote. Picha ya chini ya maji ndiyo muhimu zaidi, kwa sababu inamwonyesha mvuvi kwa nini anaambiwa asipitishe wavu mahali ambapo kwa macho hapana kitu. Tatu, kwa lugha ya wasomaji, na kwa alama za nchi kavu wanazozitumia: kilele kile kikiwa sambamba na mnara ule. Nyuzi na dakika ziwepo pia, kwa wenye simu za kuonyesha mahali.

Boya lenyewe nalo liseme. Liandikwe kwa herufi kubwa jina la taasisi, namba ya simu inayopokewa usiku na mchana, na maneno machache: usifunge, usikate, usivue karibu. Kisha data zirudi kwao. Boya linalopima mawimbi linaweza kumwambia mvuvi hali ya bahari kabla hajasukuma mashua, na mwenye kuitazama namba hiyo kila alfajiri atakuwa mlinzi wa boya bila kulipwa.

Ilani nzuri inafananaje

Kwa mfano wa kubuni, ningetaka isomeke hivi, nafasi zikiwa zimejazwa: “Boya la utafiti, rangi ya njano, kipenyo mita 1.5, alama ya X juu, taa ya njano mimweko mitano kila sekunde 20, limetiwa nanga katika kina cha mita 100. Linazunguka hadi mita 120 kutoka nafasi iliyotajwa. Mita 400 kaskazini mwake kuna kielezo kisichoonekana, kichwa chake mita 15 chini ya kiwango cha kina cha ramani. Vitakuwepo kuanzia tarehe fulani hadi tarehe fulani. Vyombo vyote vipite angalau mita 500 kutoka kila kimoja, visitie nanga wala kukokota nyavu ndani ya eneo hilo. Likionekana limehama au taa imezimika, piga simu namba hii.”

Hakuna humo neno kuhusu madhumuni ya utafiti. Watafiti hupenda kuanza na hayo, na kwenye bango la wavuvi yana nafasi yake. Kwenye onyo la redio yanamchelewesha mtu aliyeshika usukani.

Ile sentensi ya mwisho, ya kuhama na kuzimika, isiondolewe kamwe. Kamba hukatika. Boya lililokatika ni hatari zaidi kuliko lililotiwa nanga, kwa sababu sasa kila ilani iliyotolewa ni ya uongo: pale lilipotajwa halipo, na pale lilipo halikutajwa. Maboya mengi hutuma nafasi yao kwa satelaiti, na mwenye nalo hupata taarifa likivuka mpaka wa duara lake. Taarifa hiyo iende saa ileile kwa mamlaka ya usafiri wa bahari ili onyo jipya litoke, hata kama kumeza aibu ni kugumu. Anayelikuta likielea asilivunje wala kulipandisha chomboni kwa pupa. Betri zilizofungiwa ndani zinaweza kutoa gesi yenye kulipuka. Aandike saa na nafasi, apige simu. Na aliyenasa wavu kwenye kamba asiivute kwa nguvu ya injini. Alegeze, aweke kielezo chake mahali pale, aombe msaada.

Limebaki jambo linalosahaulika na wengi. Siku kifaa kinapotolewa, ilani yake ifutwe. Ramani zikijaa maboya yaliyoondoka miaka iliyopita, nahodha hujifunza kuzipuuza alama za njano, na atakayelipia ni mtafiti mwingine. Lakini kufuta kuna sharti lake. Kumbuka kwamba kifungulio kilipoitikia mlio, kilichoibuka ni boya, kamba na ala. Mara nyingi nanga haikuibuka. Yale magurudumu ya treni bado yamelala sakafuni, na yatakaa hapo muda mrefu baada ya utafiti kuisha. Kwa meli inayopita hayana maana yoyote, ila kwa mvuvi wa wavu wa kukokota ni mwamba mpya. Ilani ya mwisho isiseme “vifaa vimeondolewa” ikaishia hapo. Iseme boya limeondolewa, nanga imebaki, uzito wake ni kiasi gani, inasimama juu ya sakafu kwa kimo gani, na iko wapi hasa.